Karo Peke Yake Haimfikishi Fundi: Mafunzo Niliyopata Magara

Hapa Magara, kati ya Ziwa Tanganyika na milima, kazi ya sola ipo tele. Nchini Burundi ni takriban mtu mmoja kati ya kumi aliye na umeme, na uhaba wa mafuta umewachosha wenye jenereta. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 100 kwa mradi wa SOLEIL, wa kupeleka umeme wa jua kwenye shule, vituo vya afya na nyumba za vijijini. Paneli zinahitaji mafundi, na mafundi wanahitaji mtu wa kuwalipia wasome. Kwa miaka mingi nimefundisha vijana kazi hii na kuwatafutia fedha. Wewe unayetaka cheti, sikiliza niliyojifunza.

1. Anza bajeti na chakula cha nyumbani

Kijana mmoja, fundi wa nyaya, alilipiwa karo yote akasome Bujumbura. Muda si mrefu akarudi. Nilidhani masomo yamemshinda, kumbe alikuwa anaongoza darasa. Mkewe na watoto walikuwa wakila kwa vibarua vyake vya kila siku, na vibarua vilikuwa vimesimama. Tangu hapo bajeti zangu huanza na chakula cha familia, nauli na malazi. Karo huja baadaye. Ukiomba ufadhili, yaandike hayo bila kuona haya. Ndiyo yanayoamua kama utamaliza.

2. Omba vifaa pamoja na masomo

Dada mmoja alihitimu vizuri, akapata kazi ya kwanza haraka. Hakuwa na mita ya kupimia volti, koleo la kubana viunganishi wala mkanda wa kupandia paa. Aliazima kwa fundi mwingine, na sehemu kubwa ya malipo ikaishia kwa mwenye vifaa. Ada ya mtihani na sanduku la vifaa viwe ndani ya ombi lilelile la masomo. Mwenye cheti asiye na vifaa hubaki kibarua wa mwenye vifaa.

3. Marejesho yafuate ziwa

Wavuvi wa ndagala huvua usiku kwa taa. Mbalamwezi ikikolea, taa hazivuti samaki na mitumbwi hukaa ufukweni. Kikundi chetu cha akiba kilimkopesha kijana paneli za kuchajia betri za taa hizo, kikataka alipe kiasi kilekile kila wiki. Mwezi ulipokuwa mpevu akakwama. Mama mweka hazina ndiye aliyetoa suluhisho: alipe zaidi usiku wa giza, apumzike wakati wa mbalamwezi. Deni likaisha. Serikali nayo inaweza kusimamisha uvuvi: ng'ambo, Tanzania ilifunga uvuvi wa Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Kabla ya kusaini mkopo, muulize mkopeshaji: wateja wangu wasipovua, nitalipaje?

4. Dai kupimwa kwa unachokijua

Mzee mmoja asiye na cheti aliingia kwenye mafunzo yetu, akaitazama swichi ukutani na kusema itaunguza nyumba. Ilikuwa ya mkondo wa AC, imefungwa kwenye waya wa DC. Mkondo wa DC haupiti sifuri, kwa hiyo cheche haizimiki upesi swichi inapofunguliwa. Hakuna aliyemfundisha darasani. Alijifunza kwa kuona swichi zilizoyeyuka. Nchini Tanzania, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, huwapima waliojifunza kazini na kuwapa vyeti. Nchini Kenya, kanuni za sola za mwaka 2012 ziliweka leseni za ngazi, kutoka T1 ya mifumo midogo hadi T3. Kumpima mtu na kumjazia pengo ni nafuu kuliko kumrudisha mwanzo, na fedha inayobaki humsomesha mwingine.

5. Ufadhili usiishe siku ya mahafali

Niliwahi kuitwa kwenye shule iliyokuwa gizani ingawa paneli zilikuwa nzima juu ya paa. Betri zilikufa na hakuna aliyeweka akiba ya kuzibadilisha, na fundi mwenye cheti aliishi jirani bila kuitwa. Kilichonifungua macho ni Kinyasini, Zanzibar. Huko chuo cha Barefoot College huwafundisha ufundi wa sola akina mama wanaochaguliwa na vijiji vyao, wengi wao wakiwa na elimu ndogo ya shule. Wakirudi, familia huchangia kila mwezi, na mchango huo humlipa fundi na kutunza mitambo. Fedha ya mafunzo ilizaa ajira kwa sababu kijiji kiliingia makubaliano mapema.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiandika ombi lako, liwe na mistari sita: riziki ya nyumbani, karo, mtihani, vifaa, mkopo wa kazi ya kwanza, na makubaliano ya matengenezo. Mfadhili akikata mmoja, mweleze nani atakwama na lini. Una haki ya kuomba fedha inayokufikisha kwenye malipo yako ya kwanza ukiwa fundi kamili.