Kuhakiki Kazi ya Ndugu Yako



Ndugu zangu wanafunzi, wengi wetu wakati wa likizo hupata vibarua vya kuingiza takwimu za utafiti kwenye kompyuta. Nami nilifanya kazi hiyo, madodoso ya chanjo za watoto, kisha nikapewa jukumu la kuhakiki yaliyoingizwa na wenzangu.

Nilianza vibaya. Katika madodoso 20 ya dada mmoja nilikuta 9 yana makosa, nikayataja mbele ya wote. Kesho yake hakuja. Nikajiuliza: je, huku siko kupelelezana kulikokatazwa katika Surat al-Hujurat, aya ya 12?

Lakini sura hiyohiyo, aya ya 6, inatuamuru tuhakikishe habari, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Mtoto asiyechanjwa akiandikwa amechanjwa, kijiji chake huonekana kiko salama, na huenda asifikiwe tena. Basi kuhakiki ni wajibu. Kosa langu ni kwamba nilimhakiki mtu badala ya maandishi.

Wanazuoni wa hadithi walikuita kulinganisha nakala na asili yake muqabala. Ibn al-Salah (aliyefariki mwaka 643 Hijria) amesimulia kuwa Urwa bin Zubayr alimfunza mwanawe Hisham kwamba aliyeandika bila kulinganisha ni kama hajaandika.

Nilimwendea yule dada nikamwomba radhi, tukakaa na karatasi zake. Kumbe kwenye karatasi "ndiyo" ilitangulia, na kwenye kompyuta ilitangulia "hapana". Nikafungua madodoso niliyoingiza mwenyewe: makosa yaleyale! Mpangilio ukarekebishwa, nasi tukarudia kazi yote.

Tangu hapo tulifuata utaratibu huu:

1. Madodoso ya kukaguliwa huchaguliwa kwa kura. Ya mkaguzi nayo hukaguliwa na mwingine.
2. Kila jibu hulinganishwa na karatasi. Lisilosomeka halikisiwi, bali huulizwa aliyelikusanya.
3. Kosa huandikwa kwa namba ya dodoso na aina yake, si kwa jina la mtu.
4. Mwenye kosa huelezwa faraghani. Kosa likionekana kwa wengi, sote hufundishwa upya, na chanzo chake hutafutwa.

Yule dada ndiye aliyewafundisha waliokuja baada yetu.

Allah atujaalie tuwe waaminifu katika tunayoyaandika, na wenye kusitiriana. Amin.