Moto wa Roho au Ugonjwa? Tujifunze Kuhusu Baipola



Vijana wenzangu wapendwa, somo la wiki hii linahusu ugonjwa ambao mtaani kwetu una majina mengi, na karibu yote ni ya kejeli: chizi, kadata, huyo wa Milembe. Hospitali wanauita baipola. Nimeuchagua kwa sababu moja: huu ni ugonjwa unaoweza kuingia kanisani umevaa joho la kwaya, tukaupigia makofi, halafu siku mwenzetu anapoanguka tukabaki kunong'ona. Na tukishaanza kunong'ona, tunamwambia achague: ama sala, ama dawa. Hapo ndipo tunapompoteza.

Baipola ni nini?

Kila mtu ana siku nzuri na siku mbaya. Umefeli mtihani, umeachwa na mchumba, huna nauli: lazima roho iume. Hiyo siyo baipola. Baipola ni ugonjwa wa hisia ambamo mtu hupita vipindi viwili vinavyopingana, na kila kimoja kinakaa siku nyingi, siyo asubuhi na jioni.

Kipindi cha kwanza ni cha kupanda, madaktari wanakiita mania. Kwa kawaida hudumu wiki moja au zaidi. Mtu analala saa mbili tatu na haoni uchovu. Anaongea haraka, mawazo yanakimbizana, ana mipango mikubwa, anatumia pesa hovyo, anakasirika akizuiwa. Wengine hufika mahali pa kusikia sauti au kuamini kwamba wana cheo maalumu duniani. Wapo ambao kupanda kwao ni kwa kiasi, hawafiki huko, na kwa hiyo ugonjwa wao huchelewa kugundulika.

Kipindi cha pili ni cha kushuka, yaani sonona. Hudumu wiki mbili au zaidi. Usingizi unaharibika, au mtu analala mchana kutwa. Hakuna ladha ya chakula, ya mpira, wala ya sala. Anajiona mzigo. Wengine hutamani kufa.

Mara nyingi ugonjwa huanza katika umri wetu huu, mwishoni mwa ujana na mwanzoni mwa miaka ya ishirini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 duniani walikuwa wakiishi na baipola. Siyo ugonjwa wa Wazungu, na siyo ugonjwa wa watu wasio na imani.

Tunavyoukosea kanisani

Tuchukue mfano wa kufikirika. Kijana wa miaka 21, tuseme anaishi Tandale, ni mwimbaji wa kawaida kwaya ya vijana. Ghafla anakuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Anakesha usiku nne mfululizo akisali. Anagawa nguo zake, anatoa hela ya ada kwenye harambee, anakopa kwenye simu ili anunue kinanda cha kwaya. Anasema Mungu amemtuma kuifanya Dar es Salaam yote itubu. Sisi tunasemaje? "Huyu kijana ana moto!"

Miezi miwili baadaye hatoki ndani. Haogi, hajibu simu, anadaiwa. Sisi tunasemaje? "Karudi nyuma. Imani yake ilikuwa ya juu juu." Mama yake anaambiwa na jirani mmoja kwamba malaria imempanda kichwani, mwingine anasema karogwa, wa tatu anajua mtu wa maombezi kule Mbagala. Huyo kijana anaweza kuzungushwa mwaka mzima, na pesa za familia zikaisha, kabla hajamwona daktari hata mara moja.

Angalieni: tulikosea mara mbili. Kupanda kwake tulikuita neema, na kushuka kwake tukakuita dhambi. Yote mawili yalikuwa ugonjwa mmoja.

Kwa nini mwenyewe haoni?

Hili ndilo gumu kwa familia. Mtu aliyepanda anakwambia, "Sijawahi kuwa mzima kama leo." Na wala hadanganyi, ndivyo anavyojisikia.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anatusaidia. Katika sehemu ya kwanza ya Summa, swali la 84, anafundisha kwamba akili ya mwanadamu, ingawa ni ya kiroho, hufanya kazi kwa kutumia picha zinazoletwa na milango ya fahamu. Kiungo cha mwili kikidhurika, kama kwa wagonjwa wanaoweweseka, akili nayo inazuiwa kufanya kazi yake. Kwa lugha yetu: roho haijaharibika, lakini chombo inachotumia kinaumwa. Dereva ni mzima, usukani ndio mbovu. Kumfokea dereva hakutengenezi usukani.

Ndiyo maana mtu wa baipola anahitaji macho ya watu wengine. Mtakatifu Inyasi wa Loyola anaonya tusibadilishe maamuzi tukiwa katika ukiwa wa roho. Anaonya pia kwamba baada ya faraja ya kweli kupita, joto linalobaki linaweza kutufanya tupange mambo ambayo hayatoki kwa Mungu. Basi tuichukue kama kanuni ya vijana: wazo kubwa lililokuja wakati hulali, lilaze kwanza. Limwambie kiongozi wako wa kiroho na mtu mmoja wa nyumbani. Kama ni la Mungu, litakuwepo hata ukishalala usingizi wa wiki mbili.

Na mapepo je?

Najua swali hili lipo, tusilikwepe. Kanisa halikani kuwepo kwa Yule Mwovu. Lakini Katekisimu namba 1673 inasema wazi kwamba magonjwa, hasa ya akili, ni jambo tofauti kabisa, na kuyatibu ni kazi ya sayansi ya tiba. Kabla ya kufikiria kupunga pepo, ni lazima kuhakikisha kwamba si ugonjwa. Na kwa kanuni ya 1172 ya Sheria ya Kanisa, hakuna anayeruhusiwa kuwapunga pepo watu bila ruhusa maalumu ya Askofu wa mahali. Kwa hiyo anayemfunga mgonjwa kamba, akamnyima chakula na kumchapa "ili pepo litoke", hafanyi kazi ya Kanisa.

Mnamfahamu Mtakatifu Yohane wa Mungu, msimamizi wa wagonjwa na hospitali? Baada ya kuongoka kwake kule Granada, Hispania, katika karne ya 16, watu walimwona kichaa wakamfungia pamoja na wendawazimu, na "tiba" yao ilikuwa viboko. Alipotoka, alitumia maisha yake yote kuwahudumia wagonjwa kwa namna tofauti na ile aliyotendewa.

Twende wapi?

Anza na hospitali ya kawaida. Kwa sisi wa Kinondoni, Hospitali ya Rufaa ya Mwananyamala iko jirani. Wa Temeke wana Hospitali ya Temeke, wa Ilala wana Amana. Ukianzia zahanati au kituo cha afya, omba rufaa. Muhimbili kuna idara ya magonjwa ya akili yenye madaktari bingwa. Mirembe, ile tunayoifanyia utani, ni hospitali ya kitaifa ya afya ya akili iliyopo Dodoma, na kutibiwa pale siyo aibu kuliko kutibiwa moyo.

Daktari atataka kupima vitu vingine kwanza, na hilo ni sahihi. Malaria kali, maambukizi, matatizo ya tezi ya shingo, pombe na bangi vinaweza kuleta dalili zinazofanana. Nenda na mtu anayekufahamu, kwa sababu yeye ndiye atakayesimulia yale usiyoyaona. Na ukienda kwa ajili ya huzuni, taja pia vipindi vya kupanda ulivyowahi kupita. Ni muhimu sana: dawa za sonona zikitolewa peke yake zinaweza kumpandisha mtu wa baipola.

Usishangae ukipewa kabamazepini au valproeti na jirani akakwambia, "Mbona hizi ni za kifafa?" Ni kweli zinatibu kifafa, na pia hutuliza hisia zinazopanda na kushuka. Dada zangu, mwambieni daktari kama una mimba au unatarajia, kwani valproeti inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini usiiache kimyakimya, mwone daktari abadilishe.

Ipo pia lithiamu. Mwaka 1949 daktari wa Australia, John Cade, alitangaza matokeo ya kuwapa wagonjwa kumi wa mania chumvi ya madini haya, na mpaka leo ni moja ya dawa bora za baipola. Anayeitumia lazima apimwe damu mara kwa mara, pamoja na figo na tezi, na anywe maji ya kutosha. Lithiamu huchimbwa ardhini. Sasa fungua Yoshua bin Sira sura ya 38: Bwana ndiye aliyeumba dawa kutoka ardhini, na mwenye busara hazidharau. Sura hiyohiyo inatupa utaratibu: ukiugua usali, usafishe moyo, utoe sadaka, kisha umpe daktari nafasi yake. Haisemi "au". Inasema vyote.

Hatari kubwa huja mtu akipata nafuu. Anasema, "Nimepona, Bwana asifiwe," anatupa dawa, na baada ya miezi michache anarudi kulekule. Nafuu ndiyo dawa inavyofanya kazi. Dozi hupunguzwa na daktari. Ukikwama kwa gharama, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii pale hospitali.

Mkesha, mfungo na usingizi

Hapa nasema na viongozi wa VIWAWA, TYCS na karismatiki. Kukosa usingizi ni moja ya vitu vinavyoamsha mania. Mwenzenu mwenye baipola akiomba ruhusa asikeshe, mpeni bila kumuuliza imani yake iko wapi. Kufunga chakula na maji nako kunaweza kuvuruga dawa, hasa lithiamu, na Kanisa haliwabani wagonjwa na sheria ya kufunga. Atafute sadaka nyingine.

Someni 1 Wafalme 19. Eliya, baada ya ushindi mkubwa wa Karmeli, anakimbilia jangwani na kuomba afe. Sisemi Eliya alikuwa na baipola. Nasema tuangalie Mungu alivyomhudumia: hakumhubiria kwanza. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale tena. Hata Mtakatifu Thomas, akiorodhesha tiba za huzuni, ametaja machozi, huruma ya marafiki, usingizi na kuoga. Kulala kwa saa zake, kwa mgonjwa huyu, ni utii.

Jumuiya ifanye nini?

Mkiwa na mwenzenu mwenye ugonjwa huu, kaeni naye akiwa mzima. Andikeni pamoja dalili zake za kwanza, nani aruhusiwe kumwambia "umeanza kupanda", nani ashike simu na pesa zake kwa muda, na apelekwe hospitali gani. Ni rahisi kukubaliana mapema kuliko kubishana usiku wa manane.

Akisema anataka kufa, msichukulie ni mchezo, na msiogope kumuuliza moja kwa moja. Msimwache peke yake, ondoeni sumu, vidonge vya ziada na kamba, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Na wewe unayesoma hili ukiwa na wazo hilo, mwite mtu sasa hivi, hata kama ni usiku.

Akitoka kwenye mania anaweza kulemewa na aibu kwa yale aliyofanya. Mkumbusheni Katekisimu namba 1735: hali za kisaikolojia zinaweza kupunguza wajibu wa mtu kwa tendo, hata kuuondoa. Aende Kitubio kwa amani, alipe madeni pole pole, asijihukumu kuliko Mungu anavyomhukumu.

Na tusikie wanaoishi nayo. Sitawa Wafula wa Kenya ameeleza hadharani kwamba anaishi na kifafa na baipola, na mwaka 2017 alipanda jukwaa la TEDGlobal hapa kwetu Arusha kuzungumzia maisha yake. Ukimsikia mtu kama yeye, neno "chizi" linakukwama kooni.

Maswali ya kutafakari

1. Katika kikundi chetu, yupo mtu tuliyemsifu kwa kukesha na kutoa, kisha tukamsahau alipopotea?
2. Nikiambiwa na watu wawili wanaonipenda kwamba nimebadilika, nitakubali kwenda kupimwa?
3. Ni maneno gani ya kejeli naweza kuyaacha kuanzia leo?

Tusali

Ee Bwana Yesu, daktari wa roho na miili yetu, uwaangalie wenzetu wanaopanda na kushuka bila kutaka. Uwape usingizi wa amani, daktari mwema, dawa zisizokosekana na ndugu wasiochoka. Utufundishe sisi kunyamaza pale tulipozoea kucheka. Mtakatifu Yohane wa Mungu, utuombee. Amina.

Tukutane somo lijalo. Mtumie makala hii mama, dada au rafiki anayezunguka na mgonjwa wake bila kujua pa kuanzia.

Ndimi frateri wenu, Kinondoni.