Dondoo Muhimu: Misingi ya Rangi kwa Mwanafunzi wa Uchoraji

Mwanafunzi aliyeazimia kuijua sanaa ya uchoraji hana budi kuzihifadhi kanuni hizi kabla ya kutamani kazi kubwa.

• Mstari na umbo. Anza kwa penseli, kwani mstari ndio uzaao umbo, na umbo likikosa uwiano halisitiriki kwa rangi, hata ziwe za fahari namna gani.

• Rangi za asili. Nazo ni tatu: nyekundu, manjano na buluu. Nyekundu kwa manjano huzaa rangi ya chungwa, manjano kwa buluu huzaa kijani, na buluu kwa nyekundu huzaa zambarau. Tanguliza iliyo hafifu, kisha utie iliyo kali tone baada ya tone, maana buluu kidogo huimeza manjano nyingi.

• Rangi zinazokabiliana. Nyekundu na kijani, buluu na chungwa, manjano na zambarau, zikiwekwa bega kwa bega hunawirishana, bali zikichanganywa hufifishana. Basi kijani kikizidi ukali, kitulize kwa tone la nyekundu.

• Mwanga na kivuli. Itazame kazi kwa macho yaliyofumbwa nusu. Maumbo yakichanganyikana, ongeza giza upande mmoja.

• Mfano wa kuigwa. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mnamo 1968, alitumia rangi za baiskeli, akamsimamisha mnyama juu ya usuli mtupu, na mnyama huyo akadhihirika.

Rangi tatu za asili pamoja na nyeupe zatosha kwa mwanzo. Usinunue nyingine kabla hujazimudu.