Kumsaidia Mzazi wa Mtoto Mkaidi

Mzazi wa mtoto mkaidi aitwapo shuleni, mara nyingi hupokea lawama tu, naye hurudi nyumbani kummalizia mtoto hasira kwa fimbo. Mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Gerald Patterson, alieleza mwaka 1982 jinsi ukaidi unavyokua: mama huamuru, mtoto hupiga kelele, mama huacha, hivyo mtoto hujifunza kwamba kelele hushinda amri.

Mwalimu, mwelekeze mzazi mambo matatu:

1. Atoe agizo moja, fupi na wazi.
2. Asiliondoe kwa sababu ya kelele.
3. Amsifu mtoto papo hapo anapotii.

Baada ya juma moja, muulize kwanza lililofaulu.

Zoezi: Igizeni mazungumzo hayo wawili wawili, mmoja awe mzazi.