Ng'ombe Anachokula, Nawe Utakinywa

Mkazi wa mjini anapomimina maziwa katika chai ya asubuhi, ni nadra kujiuliza ng'ombe aliyeyatoa alikula nini au alitibiwa kwa dawa gani. Lakini afya yake inahusika. Ng'ombe akilishwa nafaka zilizoota ukungu, sumu ya aflatoksini hupita hadi katika maziwa. Akidungwa antibiotiki na maziwa yake yakauzwa kabla ya muda wa kungoja kwisha, masalio ya dawa huuzwa pamoja nayo. Kuchemsha hakuiondoi aflatoksini, na masalio mengi ya dawa pia hustahimili moto wa jikoni.

Je, mfugaji anaweza kupunguza hatari hizi kwa kutumia vitu vya asili? Ndiyo, lakini kwa kiasi.

Majani badala ya gunia

Katika miteremko ya Meru na Embu mashamba ni madogo, na ng'ombe wengi hufugwa zizini wakiletewa nyasi za nepia. Nepia hushibisha, lakini protini yake ni haba. Ndiyo sababu mfugaji hununua chakula cha gunia.

Katika miaka ya 1990, watafiti wa mashirika ya KARI, KEFRI na ICRAF walishirikiana na wakulima wa Embu kujaribu kaliandra, mti mdogo wenye asili ya Amerika ya Kati. Iligunduliwa kwamba kilo 3 za majani yake mabichi zaweza kuchukua nafasi ya kilo 1 ya chakula cha dukani, na maziwa yasipungue.

Anayetaka kujaribu azingatie haya:

1. Ng'ombe mmoja huhitaji miti kama 500 ili apate kilo 6 za majani mabichi kila siku, mwaka mzima. Ikipandwa nusu mita kati ya mti na mti, huchukua mita 250 za kingo za matuta au mpaka wa shamba.
2. Mavuno ya kwanza huwa baada ya mwaka mmoja hivi. Usikate mti hadi chini. Acha shina lipate kuchipua tena.
3. Majani yalishwe yakiwa mabichi, pamoja na nepia. Yana tanini, hivyo yasizidi theluthi moja ya chakula chote.
4. Maji safi na chumvi ya madini havina badala.

Mitishamba ina mipaka

Wapo wafugaji wanaotumia mimea kutibu. Maua ya pareto, zao linalojulikana vyema Meru, yana kemikali inayoua wadudu na huharibika upesi juani. Utupa nao hutumiwa dhidi ya kupe, lakini ndio mmea uleule unaotumiwa kuua samaki mitoni. Usioshee karibu na mto. Kitu kuwa cha asili si kusema hakina sumu.

Wengine huweka shubiri katika maji ya kuku. Hata hivyo, shubiri haizuii kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle. Kinga yake ni chanjo.

Hatari kubwa zaidi ni ndigana kali, inayoletwa na kupe. Dalili zake ni homa kali, kuvimba kwa tezi chini ya masikio na kupumua kwa shida. Ng'ombe asiyetibiwa aweza kufa katika majuma machache. Anayepoteza siku tatu akichemsha mizizi huenda akampoteza ng'ombe. Mwite daktari wa mifugo siku ile ile.

Kanuni za kilimo hai hazimkatazi mfugaji kumtibu mnyama anayeteseka. Zinamtaka aandike dawa aliyotumia na angoje kwa muda mrefu zaidi, kwa kawaida mara mbili ya ule wa kawaida, kabla ya kuuza maziwa kama ya kilimo hai.

Nawe mnunuzi

Muulize anayekuletea maziwa: ng'ombe alitibiwa lini? Chakula chake huhifadhiwa mahali pakavu? Kisha chemsha maziwa daima, kwani moto huua vijidudu vya brusela na kifua kikuu. Yale ambayo moto hauwezi kuyaondoa yazuiwe zizini, kabla ya kukamua.