Dhahabu ya Mahari na Namna ya Kuichagua

Inapokaribia siku ya ndoa, watu husumbuka sana juu ya karamu na wageni, lakini pete, mkufu na bangili atakazopewa bibi harusi hununuliwa kwa haraka, pengine jioni moja tu kabla ya ndoa. Yafaa tukumbuke kwamba mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe. Si ya baba yake, wala mume hana ruhusa ya kuyachukua tena bila ridhaa yake. Jambo hili limeelezwa wazi katika Sura An-Nisaa. Basi anayempa mkewe dhahabu ampa mali, na mali yapasa ijulikane ni kiasi gani.

Mtu aweza kuuliza: Je, dhahabu si dhahabu tu? La, sivyo. Dhahabu safi ni laini mno, na pete iliyofuliwa kwayo peke yake hupindika upesi. Kwa sababu hiyo masonara huichanganya na fedha au shaba. Usafi wake hupimwa kwa karati, na iliyo safi kabisa ni karati 24. Ikisemwa karati 22, maana yake katika sehemu 24, sehemu 22 ni dhahabu na 2 ni madini mengine. Muhuri uliogongwa ndani ya pete huonyesha jambo hilo hilo kwa sehemu za elfu: 916 ni karati 22, 875 ni karati 21, 750 ni karati 18, na 375 ni karati 9, ambayo zaidi ya nusu yake si dhahabu. Chukua bangili mbili za gramu 20 kila moja. Ile ya karati 22 ina zaidi ya gramu 18 za dhahabu. Ya karati 9 ina gramu 7 na nusu tu. Na hii ya pili ikipakwa dhahabu safi juu yake, jicho halitaona tofauti.

Wengine hutumia sumaku. Sumaku hufichua chuma, lakini shaba nayo haivutwi na sumaku, kwa hiyo jaribio hilo halitoshi. Muhuri nao waweza kugongwa na mwongo. Heri kwenda kwa sonara mwaminifu, anayepima mbele ya macho yako na kukuandikia stakabadhi yenye karati, gramu na ujira wa kazi, kila kimoja peke yake. Kama kuna vito, uzito wake usihesabiwe pamoja na dhahabu.

Huo ujira wengi hawaufikirii. Kidani chenye nakshi nyingi hutozwa ujira mkubwa, na siku ya kukiuza sonara kwa kawaida hulipa dhahabu tu. Je, tusinunue kitu kizuri? Sisemi hivyo. Bibi harusi akipenda kidani cha pekee kilichofuliwa kwa mkono, na apewe. Ila zilizobaki ziwe bangili nzito zisizo na nakshi, hizo ndizo akiba.

Aidha, wengi hupenda tanzaniti, iliyogunduliwa Mererani mwaka 1967. Mara nyingi hutoka ardhini ikiwa ya rangi ya kahawia, nayo hupata samawati yake kwa kutiwa motoni. Huo si udanganyifu. Lakini ugumu wake ni kati ya 6 na 7 katika kipimo ambacho almasi ni 10. Hivyo yafaa hereni na kidani kuliko pete ya mkono unaofua na kutwanga.

Na asiye na uwezo? Mtukufu Mtume s.a.w. alimwambia mtu maskini atafute japo pete ya chuma. Pete ya fedha inayotajwa kuwa fedha ni mahari halali. Bali shaba iliyopakwa dhahabu, ikaitwa dhahabu mbele ya mashahidi, ni uongo uliotiwa ndani ya ndoa.

Stakabadhi akabidhiwe mke mwenyewe. Mume akifariki, dhahabu ya mahari haiingii katika urithi wake. Lakini ndugu za marehemu wakija kuhesabu vitu vya nyumbani, mjane asiye na karatasi ataonyesha nini?