Dondoo muhimu: Vyuma hadi uzeeni
Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, waliwafanyisha mazoezi ya uzito wazee wa miaka 86 hadi 96 kwa wiki 8. Nguvu za miguu yao ziliongezeka zaidi ya maradufu. Kwa hiyo umri si kisingizio.

Jimu si lazima. Chuma cha mtaani, lile bomba lenye makopo ya zege pande zote mbili, kinatosha kabisa. Ila kikague kwanza: upande mmoja ukizidi uzito, mgongo ndio utakaoumia. Huna chuma? Dumu la lita 20 likijaa maji lina kilo 20 na ushei. Anza na nusu.

Kuchuchumaa, kuinua kutoka chini, kusukuma juu ya kichwa, kutembea na mzigo: hayo yanatosha maisha yote. Unapoinua, usogelee mzigo, kunja magoti, mgongo usipinde, pumua. Ongeza uzito pale tu unapomaliza bila kuyumba.

Siku 2 au 3 kwa wiki, zisizofuatana. Mwenye presha au maumivu ya kifua amwone daktari kabla ya kugusa chuma.